Kidole cha Sita na Kiatu cha Bibi

Kitendawili hiki nimekitunga mwenyewe, usikitafute kwa mtu mwingine. Nilimpa mwanangu, na mimi sikupungukiwa. Mwanangu akakaa nacho miaka thelathini na mbili, asijue kama anacho. Mjukuu wangu akaja nacho wazi, nyumba nzima ikaingiwa na hofu. Ni nini?

Usijibu kwanza. Soma.

Mwanangu ni fundi viatu. Chumba cha mbele ni karakana yake. Vyumba viwili vya nyuma ndivyo tunavyolala: yeye na mkewe kimoja, mimi na mjukuu wangu mkubwa kingine. Kisa hiki kilipotokea, huyo mjukuu alikuwa na miaka minane. Tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake hauna likizo.

Ukiingia karakana, kitu cha kwanza utakachoona ni kadi ukutani. Mteja mpya akija, mwanangu humvua viatu. Humsimamisha juu ya kipande cha boksi, akachora mguu wake kwa penseli, pande zote. Kisha hukata, hutoboa tundu, na kutundika kwenye msumari. Haandiki majina. Huandika "Mchukuzi", "Mwalimu wa Hesabu", "Pacha Dobi", "Pacha Cherehani". Kadi yangu iko juu kabisa. Imeandikwa "Mama". Ndiyo ya kwanza aliyoichora maishani mwake.

Mguu wangu wa kulia una kinundu ubavuni, kando ya kidole kidogo. Marehemu mama aliniambia kwamba nilipokuwa natambaa nilikanyaga kaa la moto, na mwanangu akaliandika hilo pembeni mwa kadi yangu: "kaa la moto". Basi kila kiatu changu mwanangu hukikata kijidirisha mahali pale, ngozi isinibane.

"Mama," hunitania, "kiatu chako dirisha kinalo. Bado mlango tu, tukipangishe."

Tukicheka, yanaisha. Miaka yote hiyo hatukuwaza zaidi ya hapo.

Mkwe wangu alishikwa na uchungu Jumatatu mchana. Ulimjia kwa kasi, hatukuwahi zahanati. Aliyempokea mtoto ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Watoto wote humwita Shangazi, na mimi nimezoea hivyo hivyo.

Mtoto akalia. Msichana. Nilikuwa nachemsha maji huku nikimshukuru Mungu. Kisha nikamsikia Shangazi anahesabu.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano..."

Akaanza upya, polepole.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano."

"Wifi," akaniita. "Hebu njoo uhesabu wewe. Macho yangu yamezeeka."

Nikahesabu. Mguu wa kushoto, vidole vitano. Mguu wa kulia, sita. Kile cha sita kilikuwa kidogo kama punje ya hindi, na kilikuwa na ukucha wake kabisa.

"Kwetu hakuna kitu hiki," Shangazi akasema. "Kaka yangu hakuwa nacho. Baba yetu hakuwa nacho. Huyu kakitoa wapi?"

Akamtazama mkwe wangu. Mkwe wangu alikuwa amelala pale pale kwenye mkeka, jasho bado linamtiririka.

"Shangazi, unasema nini?"

"Sijasema kitu. Nimeuliza tu."

Ndugu zangu, kuna maswali yanayouma kuliko kofi.

Mwanangu akaingia. Mtu huyu hutazama miguu ya watu kutwa nzima. Akautazama ule mguu mdogo, akautazama sana. Hakunyoosha mikono. Akarudi karakana, na nyundo yake haikulia tena siku ile. Nimeishi na kelele za ile nyundo miaka mingi, na nimezilalamikia. Siku ile nilizitamani.

Siku tatu pazia halikufunguliwa. Mtoto alivikwa soksi mguuni hata kwenye jua kali. Hakuna aliyethubutu kumpeleka zahanati, tukiogopa wataona, na wakiona watasema. Jirani akibisha, Chiriku anatumwa mlangoni kusema mtoto amelala.

Siku ya tatu akanijia.

"Bibi, kitendawili."

"Tega."

"Kinalala siku tatu hakiamki."

"Umenishinda. Nakupa mji."

"Mtoto wetu, kila mgeni akija."

Siku nyingine ningecheka. Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Alhamisi nilikuwa nyuma ya mlango nikikunja nepi. Nikamsikia mwanangu anamwambia mkewe, "Ukipata nguvu, utakwenda kwa mama yako. Ukapumzike."

"Nipumzike mpaka lini, baba Chiriku?"

Nikasikia akivaa viatu.

"Nimekuuliza. Mpaka lini?"

Nikasikia hatua zake zinaelekea karakana. Mkwe wangu akatoa mkoba chini ya kitanda. Akatia kanga mbili. Akazitoa. Akatia tena. Mwishowe akauweka karibu na mlango, na ule mkoba ukakaa pale kama mgeni tusiyemjua. Kila nilipopita niliukwepa. Nilitaka kumkabili mwanangu. Lakini na mimi nilikuwa naogopa. Niliogopa kuuliza nikajibiwa.

Siku ile ile Shangazi akaja na shauri lake.

"Kidole kikiondoka, maneno yataondoka. Tukifunge uzi. Kitakauka, kitaanguka chenyewe."

Akachukua uzi wa nta wa mwanangu, ule wa kushonea soli, usiokatika hata ukivutwa na watu wawili. Mkwe wangu alikuwa kitandani. Nikadhani atakataa. Akageuza uso ukutani.

"Kama kitamfanya baba yake ambebe," akasema, "kifungeni."

"Shika mguu, wifi," Shangazi akaniambia.

Nikaushika. Naliandika hili ili usije ukanisifu bure. Mguu ule ulikuwa mdogo, unaenea ndani ya kiganja changu. Mimi ndiye niliyeushika.

Mtoto alilia mpaka sauti ikamwisha.

Jumamosi asubuhi kidole kilikuwa cheusi. Wekundu ulikuwa umetambaa mpaka kwenye kifundo cha mguu, na ngozi ilikuwa imevimba, inang'aa. Mtoto alikataa titi. Kichwa chake kilikuwa cha moto. Halii tena, anaguna tu, kama mtu mzima aliyechoka.

"Ndivyo kinavyokauka," Shangazi akasema. Lakini alisema akiwa ameutazama mlango. "Tusubiri kidogo."

Mkwe wangu akasimama. Alikuwa bado anatembea kwa shida. Akamfunga mtoto kifuani, akauchukua mkoba.

"Nakwenda zahanati. Waone. Wote waone."

Akapita karakana, nami nyuma yake, nimemshika Chiriku mkono. Mwanangu alisimama katikati ya njia, msharasi mkononi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Nikajua atatuzuia.

Akamtazama mtoto. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka.

Akautupa msharasi mezani, akachomoa funguo, akatutoa sote nje na kufunga duka. Mwalimu wa Hesabu alikuwa kwenye benchi akingojea kiatu chake. Tulimwacha pale barazani na kiatu kimoja mguuni, kingine kimefungiwa ndani.

Njiani Shangazi alitufuata kwa mbali, kama mtu asiyetufahamu.

Muuguzi wa zahanati watu humwita Sista. Akaondoa soksi. Uso wake haukubadilika, lakini mikono yake ikaanza kwenda haraka. Akachukua mkasi mwembamba, akakata uzi. Uzi ulikuwa umezama ndani ya nyama.

"Nani amefunga?"

"Mimi nilishika mguu," nikasema.

"Na mimi nilifunga," sauti ya Shangazi ikatoka mlangoni.

Sista hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Akamchoma mtoto sindano, akapiga simu, kisha akatugeukia.

"Gari la hospitali kubwa litafika baada ya saa moja. Uzi umezuia damu, kidole kimekufa, na uchafu umeanza kuingia mwilini. Kwa mtoto mchanga jambo hili huenda upesi sana. Nimempa dawa. Mama, jaribu kumnyonyesha, hata matone. Jaribu tena na tena."

"Atapona?" mwanangu akauliza.

"Sijui bado."

Nimesikia maneno mengi maishani. Hayo mawili bado hunishtua usingizini.

Sista akauona mkoba.

"Huo ni wa hospitali?"

"Hapana, Sista," mkwe wangu akasema, bila kuinua kichwa. "Ni wa kurudishwa kwetu."

"Kwa sababu ya kidole?"

Mwanangu akakuna shingo. "Sista, kwetu hakuna mwenye vidole sita. Kwao hakuna. Mimi ni binadamu. Niwaze nini?"

"Umekagua miguu ya nani kwenu?"

"Mimi ni fundi viatu. Miguu ya nyumbani kwetu naijua yote."

Sista alikuwa anakitazama kiatu changu cha kulia, kile chenye dirisha.

"Bibi, hebu vua."

Nikavua. Akapiga magoti, akakiminya kile kinundu kwa kidole gumba, huku na huku.

"Hiki kilitokana na nini?"

"Kaa la moto. Nilikuwa natambaa."

"Kovu la moto huwa bapa, na ngozi hujikunja. Hapa ndani kuna kijifupa." Akainua macho. "Bibi, yuko mtu aliyekuona ukiwa mchanga, na bado yu hai?"

Yuko. Dada yangu mkubwa. Masikio yake yamechoka, na kwenye simu huongea kama anaita ng'ombe. Mwanangu akapiga, zahanati nzima ikasikia.

"HALOO! NANI KAFA?"

"Hajafa mtu, mama mkubwa! Tunauliza mguu wa Mama! Ule wa kulia! Aliungua kweli?"

Dada yangu hajawahi kuongea taratibu maishani mwake.

"Nani kawaambia?" akauliza. Sasa alikuwa ananong'ona. "Mama yetu alituapisha. Mama yako alizaliwa na vidole sita. Wakakifunga uzi. Akaungua homa siku tisa, tukadhani tumempoteza. Mama akasema, atakayeuliza aambiwe ni kaa la moto. Aliogopa. Mama aliogopa sana."

Mwanangu akaishusha simu. Akakitazama kinundu, kisha akakitazama kiatu changu.

"Nimekuwa nikikikatia dirisha," akasema. "Kwa mikono yangu. Miaka yote."

Nami nilikuwa nawaza jambo lingine. Mama yangu alikuwa amekaa mahali kama hapa, na hofu kama hii, na mimi mapajani.

Shangazi hakukubali kirahisi. "Lakini Sista, wifi ana kinundu. Mwanawe ana vidole vitano. Kitu kinarukaje mtu katikati, kama mkimbiaji?"

"Na mimi mbona ninavyo vitano?" Chiriku akadakia. "Baba ni huyu huyu, mama huyu huyu!"

Sista akavuta kigoda karibu na mkwe wangu, mkono wake kwenye paji la mtoto.

"Fundi, kabla ya kukata ngozi unatazama nini?"

"Kadi."

"Basi mwili nao una kadi zake. Ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zinaitwa jeni. Ndizo zinazoagiza mwili ujengwe vipi: rangi ya ngozi, urefu, umbo la pua, idadi ya vidole. Kwa karibu kila jambo, kila mtu ana kadi mbili. Moja ameipata kwa mama, moja kwa baba. Naye akizaa, humpa mtoto moja tu kati ya zile mbili. Ipi? Hakuna anayechagua. Ni kama kuchota ndani ya mfuko umefumba macho. Na kila mimba ni kuchota upya. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hawafanani."

"Kwa hiyo Chiriku alichota nyingine," mwanangu akasema.

"Huenda. Au ameichota ile ile, ila haionekani. Kadi hii ya kidole ina tabia hiyo. Mwingine anayo na haijitokezi kabisa, kama wewe. Ulipewa na mama yako, ukampa binti yako, na mguu wako haukusema neno."

"Mimi?" Mwanangu akajishika kifua. "Kwa hiyo imetoka kwangu?"

"Kwa yote tuliyoyaona leo, ndiyo."

Mkwe wangu akafumba macho. Machozi yakamdondokea mtoto shavuni, akayafuta kwa ncha ya kanga. Hakusema "niliwaambia". Mimi ningesema.

"Ngoja, Sista," mwanangu akasema. Alikuwa amekunja uso, kama anapima kitu. "Mchukuzi wa sokoni nimemchora. Mguu umetanuka kama jembe. Mwanawe ana mguu mwembamba. Na yule hajawahi kumshuku mkewe."

"Mchukuzi alizaliwa na mguu mpana?"

"Hapana. Amebeba magunia peku tangu utoto."

"Basi huo upana ameupata kwa kazi, na maisha hayaandiki kwenye kadi. Mizigo, chakula, jua, jeraha, vyote humbadilisha mtu, lakini mabadiliko hayo hamrithishi mwanawe."

"Na pacha wangu wawili! Wamefanana kama soli mbili za mashine moja. Walikuwa na kipimo kimoja. Dobi anasimama kutwa, mguu umekua. Yule wa cherehani anakaa, kadi yake bado ile ile."

"Umeona? Jeni zao ni zile zile, ila maisha yamewatenganisha. Mtu ni vyote viwili, kadi alizopewa na maisha aliyoyapitia."

Mwanangu akanitazama mguu tena. "Na Mama walimfunga uzi."

"Uzi hukata kidole," Sista akasema. "Haukati jeni."

Halafu akamgeukia Shangazi. "Na nakuomba, mama yangu, ulishike hili. Hata nisingekuta kinundu cha bibi, bado isingekuwa sababu ya kumshuku mzazi. Mwili unaponakili kadi zake, mara nyingine hukosea kidogo, likazuka jambo ambalo ukoo haujawahi kuliona. Hakuna aliyekosa."

Shangazi akajifunika uso kwa mtandio.

Honi ikalia nje. Dereva akasema kuna nafasi ya mama na mtu mmoja. Mwanangu akasimama mbele ya mkewe, akanyoosha mikono.

"Nipe nimbebe. Wewe bado una maumivu."

Mkwe wangu alimtazama kidogo kabla ya kumpa. Halafu akampa.

Mwanangu akaurusha mkoba kwangu kwa mguu wake, maana mikono ilikuwa imejaa. "Mama, nguo hizo rudisha kabatini."

Gari likaondoka. Nikabaki na mkoba, Chiriku, na hofu.

Siku sita. Sitakueleza zote. Simu ikilia nilikuwa nampa Chiriku aipokee, mimi najiziba masikio. Siku ya pili daktari alikiondoa kile kidole, kwa ganzi na vyombo safi, kwa sababu kilikwisha kufa. Siku ya tatu homa haikushuka. Siku ya nne asubuhi Chiriku akasikiliza simu, akaganda.

"Bibi," akasema, "Baba anasema amenyonya mpaka amecheua kwenye shati la daktari."

Nikakaa chini sakafuni, nikacheka na kulia kwa pamoja.

Daktari aliwaambia hivi, nami nakupa wewe. Kidole cha sita peke yake si laana wala aibu. Wengi huishi nacho bila tabu. Mtoto akizaliwa nacho, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile, achunguzwe kama ana tatizo lingine la mwili, maana mara chache huwa nalo. Wazazi wakitaka kiondolewe, ni kazi ya daktari. Si kazi ya uzi, wala wembe, wala unywele.

Waliporudi, mwanangu alifungua duka, akamrudishia Mwalimu wa Hesabu kiatu chake na kumwomba radhi. Kisha akakata vipande viwili vya boksi. Kimoja akachora mguu wake mwenyewe, ambao hakuwahi kuuchora. Akaandika: "Ninayo, haionekani." Cha pili akachora mguu wa binti yake, na bandeji yake, akaongeza kwa penseli kile kidole kilichoondoka. Akaandika: "Alizaliwa na sita. Aambiwe." Akazitundika chini ya yangu, na kwenye yangu akafuta neno ambalo zamani aliliandika pembeni, "kaa la moto".

Mtoto sasa ana miaka minne. Anakimbia, na kiatu chake hakihitaji dirisha.

Mwezi uliopita aliingia mama mmoja kijana akitafuta ndara. Alikuwa na kichanga kilichovikwa glavu ya sufi mkono mmoja tu, na jua lilikuwa kali. Sote tulijua. Shangazi alikuwa kwenye benchi. Akanyanyuka, akaenda kwenye meza ya mwanangu, akachukua donge la uzi wa nta na kulikalia.

"Mwanangu," akamwambia yule mama, "usimfunge kitu. Kaa hapa nikusimulie ujinga wangu, halafu nikusindikize kwa Sista."

Yule mama akaivuta ile glavu ikaze zaidi. Nikamwendea nikamshika mkono, maana hofu ile naijua ilivyo.

Chiriku, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na mdomo bado hauna likizo, akamwonyesha zile kadi tatu ukutani.

"Dada, kitendawili. Bibi alimpa Baba, na Bibi hakupungukiwa. Baba akakaa nacho bila kujua. Mdogo wangu akaja nacho wazi. Ni nini?"

Yule mama akazitazama kadi, moja baada ya nyingine. Kisha, polepole, akaivua ile glavu.